Jinsi ya Kuupima Mparachichi Homa Bila Kutoka Dar es Salaam

Hongera kwa shamba. Ekari kumi za parachichi aina ya Hass kule Njombe, miti imeshapita kimo cha mtu, hati iko kabatini, na wewe uko Mbezi Beach unalima kwa simu. Wapo wanaowacheka watu wa namna yako na kuwaita wakulima wa simu. Waache. Simu haizami matopeni, haiumwi mgongo na haidai nauli. Tatizo lako ni moja tu, nalo ni kiangazi. Mvua ikikata Mei, Njombe husubiri hadi Novemba au Desemba ndipo inyeshe ya maana. Miezi yote hiyo mti unakunywa kile tu ambacho pampu imevuta, pampu inakunywa petroli, na petroli inakunywa mshahara wako.

Hadi sasa umekuwa ukimwagilia Jumanne na Ijumaa. Hakuna anayejua kwa nini Jumanne na Ijumaa. Mawingu yatande wiki nzima, Jumanne ni Jumanne. Yapo pia maji ya dharura, ambayo hutolewa siku unayokwenda shambani na wageni, ili udongo utoke mweusi kwenye picha. Sasa umesikia kwamba wenzako hawaendi kwa kalenda. Wanapima joto la majani. Mti wenye kiu, majani yake hupata joto. Ulioshiba, majani yake hubaki na ubaridi. Ni kweli kabisa, tena ni kweli kuliko mengi anayouziwa mkulima. Ndiyo maana unahitaji mwongozo wa namna ya kuiharibu njia hii.

Anza na nadharia, maana utaihitaji vikaoni. Mti hufyonza maji kwa mizizi na kuyaachia hewani kama mvuke kupitia vitundu visivyoonekana kwa macho, ambavyo mparachichi umevipanga upande wa chini wa jani. Kuyageuza maji kuwa mvuke kunakula joto jingi mno. Lita moja inayopotea majanini inaondoka na joto ambalo lingetosha kuzichemsha lita saba za maji ya chai, kutoka ubaridi wa ndooni hadi kutokota. Joto hilo jani ndilo linalolitoa, na ndiyo sababu jani huweza kukaa juani mchana kutwa bila kuungua. Udongo ukianza kukauka, mti hufunga vile vitundu ili ujiokoe. Mvuke hukatika, na jua lile lile huanza kulipasha jani. Kabla halijanyauka, kabla halijajikunja, kabla hata msimamizi wako hajaona lolote, limeshapanda nyuzi moja, mbili, pengine tatu.

Jambo hili si la jana. Miaka ya 1970, mjini Phoenix, Arizona, kwenye maabara ya serikali ya Marekani iliyoshughulikia uhifadhi wa maji, Ray Jackson, Robert Reginato na Sherwood Idso walikuwa wakielekeza vipimajoto vya miale kwenye ngano, kisha wanatoa joto la hewa kwenye joto la majani. Mwaka 1977 walichapisha kwamba tofauti hiyo, ikifuatiliwa siku hadi siku, inaweza kumwonyesha mkulima lini afungulie maji. Mwaka 1981 walirudi na marekebisho: tofauti peke yake haitoshi, lazima ukavu wa hewa uingie kwenye hesabu. Ukiwa kikaoni, itaje Arizona na uiruke 1981. Hewa ya jangwani ni kavu, mvuke unatoka kwa kasi, na jani lililoshiba linaweza kuwa na ubaridi kuliko hewa kwa nyuzi kadhaa. Siku ya ukungu Njombe, au kwenye michungwa ya Muheza ambako hewa ina unyevu, mvuke hautoki kwa kasi hiyo, kwa hiyo mti ulioshiba na wenye kiu hukaribiana joto. Ukichukua namba ya jangwani na kuileta kwenye ukungu, kila mti utaonekana una kiu, na wewe utaonekana mwanasayansi.

Sasa tafuta kifaa. Cha bei rahisi kuliko vyote ni kile cha kupimia paji la uso kilichobaki ofisini tangu enzi za UVIKO-19. Vingi vya aina hiyo vimetengenezwa kwa ajili ya binadamu: husoma kuanzia nyuzi 32 hivi hadi 43, na joto likiwa chini ya hapo huandika "Lo", kana kwamba navyo vimeshangaa. Jani la Njombe lenye afya ni nadra kufika 32. Utatangaziwa kwamba shamba zima halina homa, na petroli ya mwezi mzima itakuwa imeokolewa.

Ukiona haya, nunua kile cha mafundi, chenye umbo la bastola na kitone chekundu. Kiamini kile kitone kwa moyo wote. Usisome karatasi ya maelezo, kwa sababu humo imeandikwa kwamba kitone ni cha kulengea tu. Kinachopimwa hasa ni duara linalopanuka kadiri unavyorudi nyuma. Kifaa chenye uwiano wa 12 kwa 1, ukisimama mita 6 kutoka kwenye mti, kinasoma duara la nusu mita. Ukisimama mita 12, duara ni la mita nzima. Msimamizi anayesimama barabarani kwa kuogopa kupe wa kwenye nyasi atakuwa amepima majani, tawi, udongo, na kanga ya kibarua iliyoanikwa mtini. Wastani wa vyote hivyo ndio utakaoupokea WhatsApp, umeandikwa hadi desimali ya kwanza.

Zipo mbinu mbili za kupata jibu unalolitaka mapema. Ukitaka kubana matumizi, mwambie apige kutoka chini ya mti kwenda juu. Kifaa kitachungulia katikati ya majani na kuiona mbingu, na mbingu isiyo na wingu kwa kifaa hicho ni baridi kali, mara nyingi chini ya sifuri. Mti utasomeka umelewa maji. Ukitaka kumwonyesha mkeo au mumeo kwamba bajeti ya pampu haitoshi, apige kutoka juu kwenda chini kwenye mti mchanga, ambao majani yake hayajaufunika udongo. Udongo mkavu ulio wazi juani unaweza kufika nyuzi 50, na nusu ya duara itakuwa udongo. Anayetaka ukweli husogea karibu, hulipa jua mgongo, hulenga kwa pembe fungu la majani yaliyosongamana upande wenye jua hadi ahakikishe duara limejaa majani matupu, kisha hurudia kwa miti kadhaa ya kila sehemu ya shamba. Hiyo kazi inachosha. Wewe piga mti mmoja, ule wa getini. Huo hauna kiu kamwe, maana koki ya pale inavuja tangu ilipofungwa.

Kuhusu saa. Kipimo hiki kinataka jua kali, upepo mdogo na anga isiyo na wingu, wakati jua liko utosini au limepita hapo kidogo. Tena utosini si saa sita kamili. Saa ya Tanzania imepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao uko mbali baharini na hata Mtwara hauugusi, kwa hiyo kiangazi jua hufika katikati ya anga la Njombe nusu saa na ushei baada ya saa sita. Saa saba hadi saa nane ndio wakati wenyewe. Bahati mbaya huo ndio wakati msimamizi anapokula ugali wake. Mruhusu apime saa moja asubuhi, akishapiga mswaki. Saa moja mti ulioshiba na mti unaokufa yote miwili ina joto lisilopishana sana na la hewa, na taarifa zitakuwa nzuri kila siku hadi siku ya mazishi.

Mawingu nayo yana kazi yake. Jani hupoa ndani ya dakika moja au mbili wingu likipita. Akianza kupima juani na kumalizia kivulini, utapata ramani inayoonyesha kwamba mashariki mwa shamba kuna ukame na magharibi kuna neema. Tuma vibarua wakachimbe mitaro upande wa mashariki.

Hapa nitaacha utani kidogo, kwa sababu hatua inayofuata ndiyo inayofanywa na watu makini, na inagharimu chupa ya kupulizia maji na kopo dogo la mafuta ya mgando. Vipimajoto vingi vya kawaida hukiri vyenyewe kwamba vinaweza kukosea nyuzi 2, juu au chini. Na miti ya matunda si ngano: imesimama juu, upepo unapita katikati ya majani yake, kwa hiyo joto la majani halijitengi sana na la hewa. Mara nyingi kati ya mti ulioshiba na mti ulioanza kuwa na kiu pana nyuzi mbili tatu tu. Kosa la kifaa linalingana na jambo lenyewe unalolitafuta. Namba moja iliyotumwa peke yake, "leo ni 26", haina maana yoyote.

Dawa yake ni kutafuta majani mawili ya kulinganisha nayo. Chagua tawi lenye jua. Jani moja lipake mafuta ya mgando pande zote mbili, taratibu, kwa kidole, hadi ling'ae lote. Vitundu vyake vimezibwa. Hilo sasa ni jani lisilotoa mvuke hata kidogo, na joto lake ni joto la kiu ya mwisho. Lipe muda lizoee jua. Jani jingine la jirani lipulizie maji hadi lilowe juu na chini. Hilo linavukiza bila kizuizi, na ndilo la ubaridi wa mwisho. Yapime yote mawili, na katikati yao pima majani ambayo hujayagusa, ndani ya dakika hiyo hiyo, kwa kifaa hicho hicho, kabla lililoloweshwa halijakauka. Tuseme lenye maji ni 21, lenye mafuta ni 31, na majani ya kawaida ni 24. Toa 21 kwenye 24, upate 3. Toa 21 kwenye 31, upate 10. Tatu kwa kumi ni 0.3. Sifuri ni mti uliojaa maji, moja ni mti uliofunga kila kitu. Wiki ijayo majani yakisoma 28 katika hali ile ile, una 0.7, na hapo huhitaji mtaalamu wa kukuambia. Kifaa kikiwa kimedanganya kwa nyuzi mbili, kimeyadanganya majani yote matatu sawasawa, na uongo unajifuta kwenye kutoa.

Ubaya wa njia hii ni kwamba haina programu ya simu, haina nembo, na mtu mwenye kidole chenye mafuta hawezi kupigwa picha ya gazeti.

Kwa heshima zaidi, ipo droni yenye kamera ya joto. Omba kwanza kibali, maana Tanzania droni hairushwi kiholela, kisha subiri picha yenye rangi nyekundu na buluu ambayo utaiweka kwenye fremu. Kamera nyingi za aina hiyo nazo zinayumba kwa nyuzi kadhaa, lakini kwa kulinganisha mti na mti ndani ya picha moja zinafaa sana: utaona mstari ulioziba mipira ya matone umejitokeza mwekundu peke yake. Hiyo ni faida ya kweli. Setilaiti ni bure kabisa. Landsat 8 na Landsat 9 kila moja hurudi juu ya shamba lako baada ya siku 16, kwa hiyo kwa pamoja unapata picha kila siku 8, wingu likikubali, tena kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kabla mti haujaanza kuhangaika. Doa moja la joto ni mita 100 kwa 100, yaani hekta. Ekari kumi ni hekta nne. Shamba lako lote ni madoa manne, na mojawapo limechanganyika na paa la bati la kanisa la jirani.

Haya, umepata namba yako na ni kubwa. Majani yana joto. Kanuni ya mkulima wa simu ni kufungulia maji papo hapo, na kanuni hii ni nzuri kwa wauza petroli. Mwenye maembe maeneo ya joto kule pwani angekuambia usubiri, maana mwembe mara nyingi unahitaji kipindi cha ukavu ndipo utoe maua vizuri. Ukiunywesha muda wote utakupa majani, tena majani mazuri. Waaustralia wa kituo cha Tatura, jimbo la Victoria, mwanzoni mwa miaka ya 1980 walionyesha kwamba mti wa pichi unaweza kunyimwa maji kwa makusudi kile kipindi ambacho tunda halikui sana, na usipoteze mavuno. Parachichi halina uvumilivu huo wakati wa maua na wakati vitunda vinashika. Hapo kiu kidogo tu, vitunda viko chini. Kwa hiyo 0.5 ya mwembe kabla ya maua na 0.5 ya mparachichi wenye maua ni mambo mawili tofauti. Kifaa hakijui mti wako uko kwenye hatua gani. Msimamizi anajua, lakini hujamuuliza tangu Pasaka.

Halafu namba hiyo inasema lini. Haisemi kiasi gani. Lita ngapi, hilo linategemea udongo wako unashika maji kiasi gani, mizizi imeshuka wapi, na kila tundu la mpira linatoa nini kwa saa. Na linategemea pia kibali cha maji ulichopewa na bodi ya bonde, ambacho hakijali majani yako yana joto gani. Mizizi myembamba ya mparachichi inayokunywa imejaa tabaka la juu la udongo. Ukimwaga maji ya siku tatu kwa mkupuo, mengi yatapita chini yake na kwenda zake mtoni, yakiwa yamelipiwa.

Nimeliacha la mwisho kosa tamu kuliko yote, kwa sababu linafanywa na watu waliofuata maelekezo mengine yote vizuri. Simu inalia saa saba na nusu mchana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, bosi. Habari za huko?"

"Njema. Kipimo kinasemaje leo?"

"Kule juu ishirini na tano. Mstari wa bondeni ishirini na nane."

"Basi fungulia bondeni. Saa mbili nzima."

"Bosi, kule bondeni ukikanyaga, maji yanatoka."

"Mzee, kipimo ni kipimo."

"Haya, bosi."

Kipimo hakijadanganya. Majani ya bondeni kweli yana joto, na vitundu kweli vimefungwa. Lakini kwenye udongo unaotuama maji huishi *Phytophthora cinnamomi*, kimelea kinachoozesha mizizi myembamba ya mparachichi, ile ile inayokunywa. Mti uliopoteza mizizi hiyo unasimama majini huku unakufa kwa kiu. Majani hunyong'onyea, rangi hufifia, joto hupanda, na kila anayepita na kipimajoto anaandika kwamba mti huu unahitaji maji. Unaongezewa. Kimelea kinashukuru. Wiki mbili baadaye kipimo kimepanda tena, na maji yanaongezwa tena, hadi mti wa tatu na wa nne kwenye mstari.

Kwa hiyo, ndugu, kabla hujafungulia, mwambie mzee achukue jembe achimbe sentimita 20 au 30 chini ya mwavuli wa mti, afinye udongo kiganjani, aiangalie mizizi myembamba. Ikiwa na weupe, mti ni mzima. Ikiwa myeusi na inakatika ukiigusa, imeoza. Jani likiwa na joto na udongo ukiwa mkavu, toa maji. Jani likiwa na joto na udongo umelowa, funga koki na umwite bwana shamba.